Shangazi, utani wangu wa ofisini umemfikia mdogo wangu, sasa anataka kuacha chuo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Dar es Salaam, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta katika kampuni ndogo iliyo ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tunatengeneza mifumo ya tiketi na malipo. Mama yangu, Mpare wa Same, kwa miaka miwili alidhani nimeajiriwa TRA, kwa sababu kila akinipigia nilikuwa namwambia "naandika kodi". Nilipomfafanulia kwamba kodi hii ni "code", yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta, siyo ile ya serikali, alisikitika kidogo.

Nakueleza hilo ujue mimi ni mtu wa utani. Ofisini tuna grupu la WhatsApp la watu 14, na humo nina kazi ya pili isiyo na mshahara: kuchekesha. Habari yoyote ya teknolojia ikitoka, wenzangu wanangoja waone nitasema nini. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikawa inasota kufungua ukurasa mmoja, ilikuwa Jumapili. Niliandika kwamba papa ndiye kiumbe pekee aliyetuombea ruhusa ya Jumatatu. Julai 19 mwaka huohuo, CrowdStrike, kampuni ya Marekani ya ulinzi wa kompyuta, ilisambaza sasisho bovu, kompyuta zilizokadiriwa kufika milioni 8.5 zikagoma kuwaka na ndege zikalala viwanjani. Sisi hatukuguswa, maana ulinzi wa aina ile hatuna fedha ya kuulipia. Nikaandika: "Umaskini ni antivairasi." Meneja mwenyewe aliiweka stetasi.

Oktoba 20, 2025 ikaanguka mitambo ya Amazon ya kule Virginia, inayobeba tovuti na programu za kampuni nyingi. Chanzo kilikuwa DNS, yaani lile daftari la intaneti linalogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Sisi waandika programu tuna utani wa siku nyingi kwamba kila balaa, likichunguzwa sana, mwisho wake ni DNS, na safari hii ilikuwa DNS kweli. Sasa huko kwa wenzetu kuna watu wanalalia vitanda vinavyopozwa au kupashwa joto kupitia intaneti. Vingine usiku ule viligoma, wenyewe wakaamka wanatoka jasho. Nikaandika: "Godoro langu la sufi liko hewani mwaka wa saba, halijaanguka hata siku moja." Hiyo ilisambaa mpaka kwenye magrupu ya watu nisiowajua.

Ulioniletea balaa ni utani wa akili mnemba. Julai 2025 kulikuwa na habari ya mfanyabiashara mmoja wa Marekani aliyekuwa akijaribu akili mnemba ya Replit, inayoandika programu. Aliiamuru isiguse kitu, ikafuta hifadhidata yake nzima, ilipoulizwa ikajibu kwamba ilipaniki, kisha ikamwambia data hairudi wakati ilikuwa inarudi. Nikaandika: "Sasa nakubali, akili mnemba imefikia ngazi ya mhandisi mwandamizi. Imefuta data, imepaniki, imedanganya. Bado kuomba ruhusa ya kwenda msibani." Watu walicheka siku nzima. Nikanogewa. Tangu hapo kila wiki nikawa natoa tangazo la kifo cha taaluma yetu, kama yale ya redioni: "Familia ya Waandika Programu inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, Kazi ya Kodi, kilichotokea ghafla baada ya toleo jipya. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo."

Desemba yakatokea mawili.

La kwanza: watu watatu wa kitengo cha majaribio waliitwa wakaambiwa mikataba yao haitaendelea, kwa kuwa sasa "kuna zana". Mmoja wao, nimwite Dada S., ndiye aliyenipokea siku yangu ya kwanza kazini na kunifundisha kusoma makosa bila kuogopa. Waliitwa saa kumi jioni. Mimi sikujua, nilikuwa na vipokea sauti masikioni. Saa kumi na dakika ishirini nikatuma tangazo jipya la msiba. Dada S. akaweka kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi. Chini yake, kwa maandishi ya kijivu, jina lake na neno moja: ameondoka. Ile skrini nimeifungua mara nyingi sana, Shangazi.

La pili: mdogo wangu yuko mwaka wa pili, anasoma kompyuta katika chuo kimoja Dodoma. Hakupata mkopo, kwa hiyo ada ni mimi, 1,500,000 kwa mwaka kabla ya hosteli na chakula. Nilimpa laptopu yangu ya zamani. Nikasahau kuitoa WhatsApp. Kumbe karibu mwaka mzima amekuwa akisoma kila ninachoandika ofisini. Krismasi akamwambia mama anataka kuacha chuo akasomee ufundi umeme VETA. Mama akanipigia: "Kumbe kazi yako imekufa na hukuniambia?"

Nilipompigia dogo alicheka. Akasema, "Bro, kila wiki mnaizika. Mimi nisomee maiti?" Akanikumbusha kwamba hata Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, alisema Dubai mwaka 2024 kuwa siku hizi siyo lazima tena watoto wafundishwe kuandika programu. Nikakosa jibu. Ukweli ni kwamba nusu ya kazi niliyokuwa naifanya kwa mikono miaka mitatu iliyopita sasa naipa mashine. Na yale matangazo mengi nimeyaandika saa nane za usiku, sijalala.

Niache utani? Dogo nimwambie asome, halafu baada ya miaka miwili aje aniulize kazi iko wapi? Na Dada S. nimtafute, au nitakuwa namtonesha kidonda?

Mtangaza Misiba,
Dar es Salaam


Marahaba mwanangu,

Nikueleze nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Una mdomo mtamu, na kwa muda mrefu umewafaa wenzako. Halafu maneno yakatoka nje ya chumba ulichoyasemea: mara moja yakamkuta mtu aliyekuwa ametoka kuumizwa dakika ishirini zilizopita, mara nyingine yakamkuta kijana aliyeyachukua kama taarifa ya habari. Sasa unaogopa mdomo wako mwenyewe. Na chini ya hayo liko lingine uliloligusa kwa sentensi moja ukalikimbia, kwamba hulali. Hilo nitalirudia.

Mama yako ni Mpare, kwa hiyo misibani kwenu umewaona Wachaga wanavyoingia. Mtani anavaa koti la marehemu na kuigiza kikohozi chake. Ananyang'anya sahani ya mfiwa. Akizidi, anashuka kaburini, analala chali, na hatoki mpaka alipwe. Mtu mwingine akifanya hivyo anapigwa. Mtani hapigwi, kwa sababu ukoo wake unajulikana, na kwa sababu alfajiri, wengine wakiwa bado wamelala, yeye alikuwa anapasua kuni. Na siku ya msiba wake, nanyi mtalala kwenye kaburi la kwao.

Nimesoma vichekesho vyako nikiwa na mizani hiyo, nikaona kitu ambacho huenda wewe hujakiona. Kwenye godoro la sufi umo. Kwenye umaskini umo, na kwenye papa umo pia, mvivu wa Jumatatu. Ukifika kwenye matangazo ya vifo, humo. Umejifanya msemaji wa familia, umesimama kando na karatasi yako unasoma jina la marehemu. Labda ndiyo maana yale ya kwanza hayakumuumiza mtu. Hili nakuuliza tu, maana mwandishi wa kichekesho anajua zaidi yangu alikuwa amesimama wapi alipokiandika.

Usidhani nakukataza kucheka. Fani yenu ilianza kucheka zamani. Septemba 9, 1947, Chuo Kikuu cha Harvard, mashine iliyoitwa Mark II ilisumbua, wakaifungua, wakakuta nondo, yule kipepeo wa usiku, amenasa ndani. Mafundi siku nyingi walikuwa wakiyaita makosa ya mitambo "wadudu". Basi wakamtoa yule nondo, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi, na pembeni wakaandika kwamba hiki ndicho kisa cha kwanza cha mdudu kupatikana kweli. Daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho Washington, nondo wake bado yumo. Nakipenda kisa hiki kwa sababu ya mpangilio wake: walimtoa kwanza, ndipo wakacheka.

Na hao CrowdStrike uliowacheka, je, unajua walifanya nini baadaye? Agosti 2024, kwenye mkutano wa wadukuzi Las Vegas, walipewa tuzo ya kejeli ya anguko kubwa kuliko yote. Rais wa kampuni, Michael Sentonas, akapanda jukwaani mwenyewe kuipokea, akasema atalipeleka kombe lile makao makuu ili kila mfanyakazi aingiapo alione. Waliolala sakafuni viwanja vya ndege siwasemei, wao wana haki ya kununa mpaka leo. Lakini mtu aliyeangusha akikubali kusimama achekwe, kicheko kinabadilika ladha.

Nikupe na changu. Kabla sijaanza kazi hii ya kusoma barua za watu nilikuwa opereta wa simu. Tulikaa mbele ya ubao, vipokea sauti masikioni kama wewe siku ile, tunachomeka waya kwa mkono ili mtu wa Moshi azungumze na mtu wa Tanga. Zilipoletwa mashine za kuunganisha zenyewe tulizicheka vibaya sana. Tulisema haziwezi kutuzidi kwa sababu hazijui umbea. Tulizipa majina ya wake wenza. Mwenzetu mmoja alikuwa hacheki, nasi tukamwita bibi harusi. Baadaye ndipo tukajua alikuwa amekopa mabati ya nyumba na bado miezi 20 ya makato. Waliokuwa wanacheka kwa nguvu zaidi, nikiwakumbuka mmoja mmoja, ni wale waliokuwa na pa kwenda. Mimi nilikuwa na mume mwenye duka.

Kwa hiyo Dada S. Ile sura ya kucheka aliyoiweka inaweza kuwa chochote. Inaweza kuwa kicheko kweli, mtu akipigwa na mawili kwa mpigo wakati mwingine hucheka. Inaweza kuwa adabu. Inaweza kuwa tusi. Wewe umeisoma kama hukumu, na umeisoma peke yako, usiku. Hukujua kilichompata; kutokujua kunapunguza kosa, maumivu hayapunguzi. Unaweza kunyamaza, lakini ukimya wako anaweza kuuhesabu pamoja na ukimya wa ofisi nzima, kwa sababu sijaona popote kwenye barua yako kwamba kuna aliyempigia. Unaweza kuomba radhi grupuni, ila yeye hayumo tena, kwa hiyo utakuwa unawaombea radhi watazamaji. Ukimpigia anaweza asipokee, au akapokea akakuambia maneno usiyoyapenda. Ukiona utayaweza hayo, piga simu ya sauti, usianze na stika. Na kama una kuni za kupasua, nenda nazo: jina la mtu anayetafuta mjaribu programu, au barua ya kusema ni nani aliyekufundisha kusoma makosa. Usimngoje acheke ndipo uamini amekusamehe.

Sasa dogo. Hapa naomba tusimame kidogo, maana umeshajihukumu kwamba utani wako ndio unaomtoa chuoni. Umemuuliza? Mtoto wa mwaka wa pili anayetaka kuacha chuo ghafla wakati wa Krismasi anaweza kuwa na sapu mbili, mitihani ya kurudia, alizoshindwa kumwambia kaka anayelipa ada. Anaweza kuwa anakuonea huruma wewe na hiyo 1,500,000. Anaweza kuwa tangu zamani alipenda umeme, na kompyuta ulimchagulia wewe. Matangazo yako yakawa kisingizio kilichokuja tayari kimepigwa pasi. Muulize habari za chuo kabla hujamjibu habari za akili mnemba.

Halafu huyo Jensen Huang. Kweli alisema hivyo Dubai, Februari 2024. Kampuni yake inauza chipu zinazoendesha hizo akili mnemba. Muuza maji hawezi kukusifia kisima chako, na hilo halina maana kwamba kisima kina maji ya kutosha. Oktoba mwaka huohuo Sundar Pichai wa Google alisema zaidi ya robo ya kodi mpya ya kampuni yake inaandikwa na akili mnemba. Watu wakaibeba nusu hiyo wakakimbia nayo. Nusu ya pili ya sentensi ilisema kwamba wahandisi wanaipitia na kuikubali kabla haijatumika. Lakini na mimi nisijifanye mpofu: Januari 2023 Google hiyohiyo ilitangaza kupunguza watu 12,000, na huko ofisini kwenu wameondoka watatu. Dogo hajaota. Ukimwambia "ule ni utani tu, soma", mtoto aliyekusoma mwaka mzima atajua unamdanganya, na siku nyingine ukimwambia jambo la kweli atalipima upya.

Ukimwacha aende VETA, sioni aibu. Fundi umeme mzuri mtaani kwangu anapangiwa foleni. Utakachopoteza ni miaka miwili ya ada, na yeye anaweza siku moja kukuuliza kwa nini hukumzuia. Ukimlazimisha abaki, anaweza kubaki mwili tu, na hilo pia ni ghali. Kati ya kubaki na kuacha kuna kuahirisha mwaka, aulize ofisi ya chuo utaratibu wake kabla hajaacha kuhudhuria darasa, kwa sababu anayetoweka bila barua kurudi kwake kunakuwa kazi.

Kuna jambo moja ambalo nimeligeuzageuza. Dogo ameyaona yote unayoandika saa nane za usiku. Unachofanya saa nane za mchana hajawahi kukiona. Hajakuona ukimrudishia mashine kazi yake kwa sababu imehesabu nauli ya mtoto mara mbili. Hajakuona ukimsikiliza mwenye mabasi anayesema anataka kitu hiki wakati anahitaji kile. Wakati wa fildi, yale mafunzo kwa vitendo ya chuo, angeweza kuja kukaa pembeni yako wiki kadhaa. Tahadhari mbili. Meneja aliyetoka kuondoa watu watatu anaweza kumwona kijana wa bure na macho yakamng'aa, na Dada S. akisikia kwamba kiti chake amekalia mdogo wako, ile simu yako haitamfaa kitu. Ya pili, dogo anaweza kukaa pale, akaona kila kitu, na bado akasema anataka umeme. Itabidi uwe tayari kwa hilo kabla hujamkatia tiketi.

Na hiyo WhatsApp kwenye laptopu: ukiitoa kimyakimya ataona, na ataelewa kwamba sasa kuna mambo yanafichwa. Mwambie kwanza, halafu itoe.

Kuhusu kuacha utani kabisa, sina hakika kama ungeweza, na nina wasiwasi ukiweza. Hofu uliyokuwa unaitoa kwa mlango huo itatafuta dirisha. Labda msiba upunguziwe waalikwa: watu wawili watatu wa fani yako, ana kwa ana, mkiwa na kahawa, ambapo mtu akinyamaza mnaona amenyamaza. Grupu la watu 14 halioni uso wa mtu. Ukijaribu hivyo, wengine watadhani umebadilika au unaringa, na wiki za mwanzo zitakuwa kavu.

Sasa usingizi. Umeandika kwamba matangazo unayaandika saa nane za usiku, ukaweka nukta, ukahamia kwa dogo. Mwanangu, unalipia ada ya mtu kwa kazi ambayo kila wiki unaitangaza imekufa. Mtu yeyote angekesha. Kuna yeyote uliyewahi kumwambia "naogopa" bila kuweka kichekesho mbele yake? Kama hakuna, huenda dogo ndiye wa kuanza naye. Yeye anadhani bro anajua kila kitu na amenyamaza kusudi. Kama kukesha kumezidi wiki kadhaa na mchana unashindwa kazi, mwone daktari, na umwambie ukweli wote.

Niandikie tena baada ya fildi, au kabla. Ile ya godoro la sufi nimemsomea jirani yangu hapa barazani. Amecheka sana, kisha akaniuliza hiyo DNS iliyowatoa watu jasho ni homa ya aina gani, na kama chanjo yake imeshafika zahanati.

Shangazi